Waya wa Shaba Ulivyoniumbua

Peizhen, uko? Usicheke. Nimejiaibisha mbele ya maabara nzima.

Unamkumbuka Ruolan, yule mgeni wa miezi mitatu? Leo kaijaribu kwa moto plastiki aliyoitengeneza ya kasha la chaja mbele ya mteja, moto ukazimika kabla sijapepesa macho. Pamba iliyowekwa chini haikuungua hata uzi! Mimi nina miezi minane najaribu, na plastiki yangu bado inadondosha matone ya moto na kuchoma pamba. Meneja Kuang akampigia makofi. MAKOFI, Peizhen! Mimi hajawahi hata kunimiminia chai.

Roho ikaniuma, mdomo ukaniponyoka: "Huyo kazuia moto kwa bromini! Mteja si kaikataa? Leteni waya wa shaba!"

Ukaletwa. Wakauchoma hadi ukawa mwekundu, wakaugusisha plastiki yake, wakaurudisha motoni. Bromini ikiwemo, moto hugeuka kijani. Tukakodoa macho wee. Moto haukubadilika.

Si ningenyamaza tu? Nikasema, "Pimeni na yangu iliyo safi, mlinganishe!"

Kijani. Kijani kama mboga sokoni, Peizhen. KIJANI!

Kumbe sikuisafisha mashine yangu baada ya kuyeyushia ile plastiki ya zamani yenye bromini. Yaani yangu ina bromini na BADO inawaka!

Ruolan hata hakucheka. Alininong'oneza tu: "Dada Shuyi, kesho nitawahi, tuioshe mashine pamoja."

Bora angenitukana.