Msimu wa Kumshuku Ami Hilal

Ijumaa, 3 Oktoba

Timu yetu ya mpira wa magongo imefungwa tena. Nne bila. Nilikaa jukwaani upande wa kivuli, kitabu mapajani. Nilisoma wakati uwanja unamwagiwa maji na wakati wa mapumziko. Baba hakusoma chochote, alikuwa anagombana na refa asiyemsikia.

Jambo moja limenikera. Tulipata kona ya adhabu, nafasi nzuri ya kufunga. Kona zote huzipiga kaka yangu Khalfan. Ndiye nahodha, na kona ni zake tangu mimi sijaanza shule. Leo alisogea pembeni. Akapiga Faris, binamu yetu, ambaye ndiyo kwanza katoka timu ya vijana. Mpira ukaenda nje. Kocha hakufoka. Huyu kocha humfokea hata mtu anayefunga kamba za viatu.

Kwa nini hakufoka?

Jumapili, 5 Oktoba

Siku ya kwanza ya wiki ya shule, na tayari mtihani mdogo wa kemia. Sijui nimefanyaje.

Jioni Baba alitusomea habari kwenye simu. Klabu yetu ni ya mwisho kwenye ligi. Kamati itakaa Jumamosi ya tarehe kumi na nane kuamua moja katika mawili. Ama wabaki na wachezaji wazoefu, waongeze wengine, wapigane wasishuke daraja. Ama wawatoe wote waliopita miaka thelathini, waingize vijana, wakubali kushuka, waanze upya.

Khalfan ana miaka thelathini na nne. Aliendelea kula.

Mwenyekiti wa kamati ni Ami Hilal, mdogo wake Baba. Baba yake Faris.

Naandika tena ili nione linavyokaa. Baba yake Faris.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chakula cha mchana kwa Bibi, ukoo mzima, kama kila Ijumaa. Wali haujapoa wameshaanza. Baba anataka tupigane. Anasema timu inayokubali kushuka haipandi tena, wachezaji wazuri hukimbia na watoto huvunjika moyo. Faris anataka kuanza upya. Alisema mpira wa magongo wa siku hizi ni mbio, na wakubwa hawana mbio. Alisema hivyo Khalfan akiwa amekaa mbele yake.

Bibi akamwambia, "We Faris, meno ya utoto yamekutoka lini hata umstaafishe mwenzio? Nnakutazama tu."

Watu walicheka. Khalfan alicheka kuliko wote. Ami Hilal hakucheka. Alimenya chungwa taratibu, kisha hakulila.

Mtu asiye na la kuficha angekula chungwa lake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ami Hilal alikuja leo. Peke yake, bila mkewe, bila kupiga simu kwanza. Baba alikuwa kazini. Aliingia majlisi, chumba cha wageni, na Khalfan, mlango ukarudishwa. Mama alinituma nipeleke halwa na dele la kahawa. Khalfan alimimina. Ami aliipokea finjani, akaiweka chini mbele yake.

Nilijua maana yake. Kwetu mgeni mwenye ombi haigusi kahawa mpaka mwenyeji amkubalie. Siku hizi wengi hawafanyi, lakini Ami Hilal ni mtu wa kufuata ya zamani.

Alipoondoka niliingia kutoa vyombo. Finjani ya Khalfan tupu. Ya Ami imejaa hadi juu, baridi. Hata tone hakunywa.

Kwa hiyo aliomba, na Khalfan akakataa. Alikuja kumwomba ajitoe mwenyewe, kimya kimya, ili Faris apate nafasi na pasiwe na maneno. Nimeipindua kila upande, haina maelezo mengine.

Nampenda kaka yangu kwa kukataa. Nimemchukia Ami Hilal. Ndiye aliyenipa kamusi yangu ya kwanza.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwambia Baba. Sijazoea kusema mambo ya watu. Nilieleza juu ya kona, kocha, chungwa, finjani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijapata kutokea.

Aliuliza mara moja tu. "Imejaa?"

Nikasema imejaa.

Akatoka nje na simu yake kumpigia Ami Hilal. Niliona kupitia dirisha anavyotembea huku na huku karibu na gari, mkono mmoja hewani.

Nimefanya vizuri. Khalfan asingesema mwenyewe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ami Hilal hakuja kwa Bibi. Wala mkewe, wala Faris. Haijawahi kutokea isipokuwa mtu akiwa safarini. Bibi aliuliza, Baba akasema wana shughuli. Bibi akasema shughuli gani ya kumshinda mama yake. Sinia lao lilirudi jikoni kama lilivyotoka.

Khalfan alinitazama. Sijui kama anajua ni mimi. Niliinama nikasoma maandishi ya chupa ya maji.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wameamua. Wanaanza upya. Wote waliopita thelathini nje, na wa kwanza ni nahodha. Nafasi yake atacheza Faris.

Nilijua. Nilijua tangu ile kona.

Baba hasemi na mtu. Mama anapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Khalfan alirudi na mfuko wake wa magongo, akauweka ukumbini, akauliza kama kuna chai. Kama mtu aliyetoka sokoni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Khalfan alinichukua shuleni. Hakushika njia ya nyumbani, tulikwenda kituo cha mafuta na akaninunulia karak, chai ya maziwa na iliki. Tulikaa garini. Nilijua kuna jambo, kwa sababu alizima redio.

Akasema, "Raya, Ami hakuja kunitoa. Alikuja kuniomba nibaki."

Nikamwambia mbona finjani ilijaa.

"Ilijaa kwa sababu nilikataa. Aliomba, nikamwambia hapana. Ulitaka anywe nini?"

Akaendelea, akitazama mbele. Kuanza upya ni wazo lake Khalfan mwenyewe. Alilipeleka kwa kocha tangu Septemba. Kona alimwachia Faris kwa makusudi, na kocha alikubali. Anasema alipokuwa na umri wa Faris alikaa benchi misimu mitatu akingoja wakubwa wapigane wasishuke, na walishuka. Anasema siku hizi anauona mpira unakwenda wapi, anajua kabisa, na miguu inachelewa.

Ami Hilal ndiye aliyepinga. Alitaka wazoefu wabaki, na nahodha abaki hata kama atakaa benchi, kwa sababu aliogopa watu watasema amemtoa mtoto wa kaka yake amweke wake.

"Na wamesema," Khalfan akasema.

Watu hao ni mimi. Aliogopa neno moja, nikamwandalia mimi, tena nyumbani kwetu, kabla hata kamati haijakaa.

Khalfan hakunigombeza. Ingekuwa nafuu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Baba, ambaye sasa anajua yote, alikwenda kwa Ami Hilal kabla ya sala kuomba radhi. Nilimwomba nifuatane naye. Baba alisema yake mlangoni, kwa Kiarabu, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa. Kisha zamu yangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri tangu Jumanne. Yote yalipotea. Nilisema, "Ami, nilikushuku. Nisamehe."

Akaniuliza nasoma kitabu gani sasa. Nikamwambia. Akasema nikimaliza nimletee.

Faris hakutoka chumbani. Ana haki.

Mchana walikuja kwa Bibi. Bibi aliwahesabu wote mlangoni kwa kidole, kisha akaingia ndani.

Ijumaa, 7 Novemba

Mechi ya kwanza ya vijana. Tumefungwa sita moja. Waliocheza wengine bado wana chunusi. Walikimbia sana, mara nyingi upande usio na mpira. Faris alipiga kona mbili nje na ya tatu ikaingia, na Ami Hilal, aliyekaa safu ya mbele peke yake, hakupiga makofi. Alitazama kushoto na kulia kwanza, kama anayetaka kuvuka barabara. Nilisimama nikapiga makofi mimi, mpaka watu wakageuka. Uso ulinichoma.

Khalfan alikaa kando yangu jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hakujua mikono aiweke wapi. Miguu yake ilikuwa inacheza chini ya kiti, hatua ndogo ndogo, mbele, pembeni, nyuma. Sidhani kama alijua. Nilikuwa na kitabu lakini sikukifungua.

Njiani alisema itakuwa timu nzuri. Nilimwuliza lini. Alifikiri mpaka tukapita mzunguko wa barabara, akasema labda miaka mitatu.

Miaka mitatu mimi nitakuwa chuo kikuu. Faris atakuwa nahodha, akitaka Mungu. Khalfan mwenyewe atakuwa wapi hakusema. Anasema hana kinyongo na amefurahi. Simwamini, lakini safari hii sikumwambia mtu.