Mstari Mtupu Kwenye Jiwe la Gati

Beldina Awuor,
Kibanda cha Uji, Lango la Bandari,
Kisumu, Kenya.

Jumapili, 19 Machi 1972

Mpendwa mdogo wangu Gordon,

Nakusalimu nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Wewe je? Kifua kimetulia? Utotoni ulikohoa kila masika, na nasikia huko Bukoba mvua haipumziki. Mama ni mzima. Macho yamepungua nguvu, lakini masikio yanasikia hata yale tusiyotaka ayasikie. Kuku walipata kideri, wamebaki watatu, na mmoja wao ni mkorofi sana.

Barua yako ya Januari niliipata. Mistari minne tu, Gordon, bila hata kusema uliokokaje ziwani, baada ya miaka ishirini na mmoja! Niliisoma nimesimama, nikakaa chini nikaisoma tena, na sufuria nzima ya uji ikaungua. Wapagazi walipolalamika niliwaambia wanywe hivyo hivyo. Nilikuwa na hasira na furaha kwa pamoja, na mpaka leo sijui ipi ilitangulia.

Uliniomba nisimwambie Mama kwamba u hai. Nilinyamaza wiki tano, na kwa mdomo wangu huu unajua hizo si chache. Sasa anajua. Kabla hujanuna, soma ilivyokuwa.

Ile sehemu ya zamani ya gati, pale mlipokuwa mkifunga mashua ya mizigo, inatengenezwa upya. Watu wazima wa mji wakasema kabla haijafunikwa yote kwa saruji, liwekwe jiwe la ukumbusho. Kamati ikaundwa, na katibu wake ni Bwana Mathenge, mtu wa Nyeri mwenye duka la vitabu na kalamu karibu na mnara wa saa. Humjui, alikuja baada yako. Anaipenda historia ya Kisumu kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Ana daftari ameandika mwaka reli ilipofika ziwani, watu walivyokuwa wakiita mahali hapa Port Florence, na majina ya meli zote za zamani. Akianza kusoma, uji hupoa mkononi.

Mwanzoni kamati ilitaka jiwe liandikwe majina ya meli na ya wakubwa walioshuka hapa. Wapagazi walikataa. Mzee wao alisimama mbele ya watu akasema, "Hao wakubwa wako na mabarabara ya majina yao. Hii moja tuandikie watu wetu." Basi ikakubaliwa jiwe libebe majina ya wafanyakazi wa bandari waliomezwa na ziwa, tangu siku za reli mpaka leo.

Bwana Mathenge akapanda baiskeli yake akazunguka kutoka Nyamasaria mpaka kwetu Kombewa akiuliza majina. Alirudi na orodha mbili, moja ya waliopotea na moja ya wenye makaburi. Wewe na rafiki yako Absalom, mliyezama naye, mlikuwa kwenye ile ya pili, na akasema ya pili haiingii kwenye jiwe.

Nilimkuta kibandani kwangu akieleza hayo, nikaweka kata chini. Unanijua.

"Hawa walipatikana," akaniambia. "Kaburi niliona na macho yangu, Mama. Iko na msalaba."

"Uliona udongo, Bwana Mathenge. Ndani iko yago peke yake."

Alidhani namtania. Nikamweleza kwamba ziwa likikataa kumrudisha mtu, sisi hutafuta yago, lile tunda refu zito, tukalilaza mahali pake, tukalililia na kulizika nyumbani ili asitangetange nje. Nikamwambia nusu ya makaburi aliyoyaona ni ya matunda. Maskini alivua kofia. Akasema angeliweka jiwe lenye makosa na watu wangemcheka mpaka kaburini kwake mwenyewe. Pale pale akaziunganisha orodha mbili zikawa moja, majina kumi na moja.

Nilikuwa nimenogewa na kushinda ubishi, Gordon. Alipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba lako ni yago lililozikwa bure, na kwamba nimekutia kwenye jiwe la wafu kwa mdomo wangu mwenyewe, huku barua yako iko ndani ya kopo la sukari.

Nikajiambia nitapata njia ya kulitoa jina lako kimyakimya. Sikupata. Kamati ilitaka kila jina lithibitishwe na ndugu wa damu, na wa kwako ni Mama. Siku ya Jumanne akaja kutoka Kombewa amevaa gauni lake la kanisani, tukaenda dukani kwa Bwana Mathenge. Fomu ilikuwa tayari mezani. Akamsomea taratibu kwamba mwanawe Gordon alikufa maji mwaka 1951 akiwa kazini. Mama akaitikia kwa kichwa, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakinyoosha. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono ili asikose mahali.

Nilishindwa. Nilimvuta mkono nikasema, "Mama, usiweke. Gordon yuko Bukoba."

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka asianguke, wala hakuanguka. Kidole chake kilibaki hewani na wino wake, Bwana Mathenge ameshika kalamu kama aliyesahau kazi yake. Kisha Mama akakipangusa kidole kwenye lile gauni la kanisani, yeye ambaye hutupigia kelele tukipita karibu nalo na chai.

"Huko anakula nini?" akaniuliza.

"Ndizi, Mama. Watu wa huko wanakula ndizi."

"Ndizi kila siku? Adier, kweli basi amekonda."

Ndiyo maneno yake yote mpaka tulipofika nyumbani. Usiku ule sikulala vizuri, lakini yeye alikoroma.

Wazee wa ukoo walikaa siku mbili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mtu aliyezikiwa yago akarudi kudai mlango wake, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na maoni na wote walikula vizuri. Mwisho walipatana kwamba hutapita langoni. Utapita penye uwazi kwenye ua wa nyuma, na kondoo atachinjwa kabla hujamgusa Mama mkono. Lakini walisema jambo jingine pia, na hili ndilo lililonikalisha niandike. Walisema barua si mtu. Mtu aliyezikwa na ukoo ni marehemu mpaka ukoo umwone kwa macho. Usipokuja, wao watamwambia Bwana Mathenge jina lako libaki kwenye orodha, naye atafuata neno lao.

Najua kinachokuzuia. Uliandika kwamba huwezi kumtazama usoni Mama Selpha, kwa sababu mwanawe Absalom alikuambia msiondoke na upepo ule, na wewe ndiye uliyekuwa umeshika usukani. Ulitaka kumaliza safari ya mwisho mapema, ndivyo ulivyosema. Sikufichi, niliposoma hapo nilikuchukia muda kidogo. Absalom alikuwa akila kwetu kama ndugu. Kisha nikakumbuka ulikuwa na miaka kumi na tisa, na mwenye mashua alikuwa nchi kavu akipiga kelele mwende upesi.

Habari za Kombewa hazihitaji posta. Siku ya pili tu Mama Selpha akaja. Nilimwona akitokea njiani na fimbo yake nikasema leo ndiyo leo. Nikamwekea kiti mbali na Mama, nikampa chai, nikakaa karibu na ile fimbo. Akanywa mpaka akamaliza. Nikamwambia yote, hata lile la usukani, maana ingekuwa dhambi kumnywesha chai na kumficha.

Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa. Halafu akasema, "Beldina nyathina, mtoto wangu, mimi miaka yote najua tu alienda. Hakuna mtu alinieleza. Sasa iko mtu anajua. Mwambie akuje anieleze." Nikamuuliza kama amekusamehe. Akanijibu, "Hiyo sijui. Akuje kwanza."

Alipofika mlangoni akageuka. Anataka kujua kama Absalom alikuwa amevaa lile sweta la kijani alilomfuma mwenyewe, au aliliacha ufukweni. Asubuhi ile walikuwa wamegombana juu ya sweta, yeye akisema avae, kijana akisema ni zito. Kwa miaka ishirini na mmoja anajiuliza kama lilimvuta chini. Katika dunia nzima, Gordon, ni wewe peke yako unayejua jibu, na umelikalia huko Bukoba ukipakia kahawa.

Anayechonga jiwe ni fundi Wepukhulu kutoka upande wa Bungoma, mtu mpole mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwendea juzi. Kumi amekwisha kuwachonga. Lako alikuwa amelipangia chini ya Absalom, nami nikamwomba asiliguse. Akasema jiwe si ubao wa shule, akishachonga hafuti, kwa hiyo ameacha mstari mtupu. Atasubiri mpaka Jumatano tarehe 26 Aprili, kwa kuwa jiwe litafunuliwa Jumamosi tarehe 29. Akauliza kama ukija auzibe mstari kwa kuchonga samaki. Mama akamkataza. Alisema paachwe hivyo hivyo, anataka kila akija mjini apitishe mkono mahali pasipo na kitu.

Basi, ndugu yangu, meli inakuja kila wiki na gati unalijua. Mimi nipo langoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona aibu kushuka, shuka pamoja na mizigo, nitakupokea hivyo hivyo. Nitakugombeza kwanza, hilo lijue. Nakupenda na nimekukosa sana.

Nisalimie mkeo na wanao ambao hukutaja hata majina yao. Bwana Mathenge anakusalimu, anasema ana maswali mengi ya historia, ujiandae. Mama Selpha hajatuma salamu, ametuma lile swali. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akulinde majini safari hii.

Mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Beldina

Tena: lile doa la wino hapo chini si uchafu wa kibandani. Mama aliniomba nimsomee barua hii yote, kisha akaniuliza kidau cha wino kiko wapi. Ni kidole gumba chake. Hakukiweka kwenye karatasi inayosema umekufa, amekiweka hapa. Safari hii sikumshika mkono.