Kicheko Chako Kwenye Ukuta wa Ogembo

Mama Moraa, mke wangu,

Bwakire buya, hata kama barua hii itakukuta jioni. Mko salama? Kikohozi cha Moraa kiliisha? Na mama, bado anashuka shambani kuchuma majani chai, au magoti yamemkataza? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Minnesota inaingia mpaka kwenye meno. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu napandisha sauti na wewe unakata. Karatasi huwezi kuikata. Nampa jamaa wa Mosocho anayekuja likizo, atakuachia hapo saluni.

Sasa niseme kilichoniuma. Siku ndugu yangu Nyakundi aliponitumia picha ya ukuta wa saluni yako, nilikuwa nakula. Chakula kikanishinda. Wewe huyo, mkubwa kama mlango, umechorwa kwa rangi katikati ya Ogembo, unacheka meno yote nje. Nyakundi naye, bila kuulizwa, akaongeza kwamba fundi aliyekuchora ni kijana mtanashati, na kwamba vijana wa boda boda wamehamisha steji yao ikawa mbele yako. Ndipo nikakupigia na kukuamuru ununue rangi nyeupe kwa Mhindi, ufute ukuta huo kabla jua halijatua. Ukaniuliza kama nimerukwa na akili, ukakata. Tangu hapo hatujasemezana.

Nina wivu, Mama Moraa. Sifichi. Nilikaa nikiwaza kwamba uso wa mtu hauchorwi kwa dakika moja. Huyo kijana amekukodolea macho siku ngapi? Mimi mumeo, mara ya mwisho kukutazama nikatosheka, bila mtandao kukwama na uso wako kuganda mdomo wazi, ilikuwa lini? Sikumbuki.

Na kazi yangu ndiyo iliyonizidishia. Unajua nalinda jumba la picha za kuchorwa, kazi ni kusimama na kuangalia watu wasiguse. Katika chumba changu yupo mwanamke aliyechorwa zamani, enzi ambazo bibi yake mama yangu alikuwa bado msichana. Amevaa gauni jeusi, na shingoni ana kitambaa cheupe chepesi, ungedhani ukikipuliza kitapeperuka. Ukisogea karibu, kitambaa hakipo, ni mistari michache tu ya rangi iliyopakwa haraka haraka. Ukirudi nyuma, kinarudi. Kwenye shavu wamempaka kijani kidogo, naapa, kijani, na bado ni shavu lenye damu na joto. Mkono mmoja umeshika kiti. Ni mrembo na nilikuwa nampenda, usinune. Lakini picha yako ilipokuja nikaanza kumchukia. Niliona anamtazama mchoraji tu. Nikawa namuuliza moyoni, mumeo alikuwa wapi wakati jamaa anahangaika na shingo yako? Nikamhurumia huyo mume kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwenzangu wa zamu, mama mtu mzima kutoka Meksiko, aliniona nimemkunjia uso yule mwanamke, akauliza kuna nini. Nikamweleza yote, mpaka habari za ukuta. Akacheka, halafu akanivuta mkono mpaka mbele ya picha.

"Fuata macho yake," akasema. "Hamtazami mchoraji. Kuna mtu wake ameingia mlangoni."

Nikafuata macho. Ni kweli, yanapita pembeni kidogo, na ule mkono kwenye kiti ni wa mtu anayetaka kuinuka ampokee aliyekuja. Nimemlinda mwaka mzima na sikuona.

Wakati wa mapumziko nikatoa simu, nikaikuza ile picha ya Nyakundi. Macho yako yametazama chini, kama kuna kitu kiganjani. Nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili zimesimama. Mwanzoni nilidhani ni mbinu ya kutangaza saluni. Kisha nikaona taulo ya njano begani, ile niliyoiona uliponipigia. Ilikuwa Jumapili ile, si ndiyo? Sabato mlikuwa kanisani, Jumapili ukakaa usukwe, ukanipigia simu ya video kabla hujamaliza. Nikakuambia kichwa chako ni kama shamba la majani ambalo wachumaji wamekimbia mvua wakaacha nusu. Ukacheka mpaka msusi akakugombeza utulie, halafu nikamsikia akisema hebu akupige picha. Bila shaka fundi alipewa picha hiyo. Kumbe hakukukodolea macho wewe, alikodolea simu.

Basi kicheko hicho nilikileta mimi. Ungeniambia, najua, lakini nilikupa nafasi ya kusema? Nisamehe kwa yale maneno. Usifute ukuta.

Ila usidhani wivu umekwisha. Umehama tu. Kwanza nilimwonea wivu fundi, sasa nawaonea wivu hao vijana wa boda. Wanakunywa chai kila asubuhi wakitazama kicheko changu, na mimi nimesimama huku namlinda mke wa mtu mwingine. Jambo hilo linaniuma hata sasa ninapoandika.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua magoti imo ndani ya mzigo niliompa huyo jamaa wa Mosocho. Msalimie dada yako anayekusaidia saluni, na msusi aliyekupiga picha. Nyakundi mwambie akituma picha, atume na maelezo yake yote. Moraa mbusu kwenye paji la uso. Na huyo fundi, haya, msalimie pia. Mwambie arudi na brashi akuchoree simu mkononi, watu wajue unamchekea nani.

Mimi mumeo,
Baba Moraa