Soksi Nilizokukataza

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mama yako.
Jumapili, tarehe 14, mchana.

Mpendwa mpwa wangu, Kiguu na Njia,

Hujambo mwanangu? Unalala vizuri, unakula ukashiba, na hiyo baridi ya huko imekuachia masikio yote mawili? Sisi hatujambo. Mama yako mzima. Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeondoka chenyewe, baada ya yeye kuzikataa dawa zangu zote tatu. Mimi pia mzima, kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu. Chini ya hapo nitakueleza.

Bati la jikoni limebadilishwa hatimaye. Fundi aliondoka akaisahau ngazi yake, na mama yako amekwisha kuigeuza kamba ya kuanikia. Leo imevaa sweta kumi na mbili za shule, mikono inaning'inia, utadhani darasa zima linajaribu kupanda darini.

Kinyozi wetu anakusalimu. Bado tunagombana kila Jumanne, na bado ananinyoa vibaya kwa makusudi nikimshinda. Nilipomweleza tena mchezo wako, kwamba mtu anaogelea, anatoka majini anarukia baiskeli, anashuka kwenye baiskeli anakimbia, na hayo yote ndiyo traiathloni, alisimamisha mkasi akasema mtu wa namna hiyo hashindani, anafukuzwa. Nikamwambia mpwa wangu hafukuzwi na mtu, yeye ndiye anayefukuza. Nilitoka pale na kisogo kama shamba lililopaliliwa na mlevi.

Sasa tuje kwenye soksi.

Miezi miwili iliyopita uliniandikia swali la mstari mmoja. Ukishatoka majini na miguu imelowa, uvae soksi kwanza ndipo uvae viatu, au uiingize miguu mitupu uokoe sekunde? Mstari mmoja tu. Mimi nikakujibu kurasa nne.

Barua ile unaikumbuka. Niliandika kwamba soksi ni mkongojo wa waoga. Niliandika kwamba binadamu aliizunguka dunia pekupeku kabla ya kiwanda cha kwanza cha soksi kufungua mlango. Nikakuletea wapagazi, mahujaji na majeshi, wote bila soksi, nikawapanga mstari mmoja nyuma yako. Nikaiita soksi blanketi la vidole. Niliipenda mno barua ile, hata nikamsomea mama yako kwa sauti kabla ya kuitia kwenye bahasha. Alikuwa anaunga kola ya sweta. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Wewe mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini?" Nikamjibu kwamba hoja haijibiwi kwa swali, nikaenda posta kifua mbele.

Nikuungamie jambo ambalo wasomaji wangu wa gazetini hawalijui. Wiki ile nilikuwa nimetoka kupambana na ofisa mmoja aliyetaka maktaba ifungwe kila Jumamosi. Nilimshinda siku ya pili, mapema kuliko nilivyotarajia, nikabaki na hasira ya akiba. Swali lako likaja wakati huo. Soksi hazikuwa na kosa lolote. Zilipita tu njiani nikiwa na fimbo mkononi.

Ukavua soksi kwa sababu mjomba amesema. Ukashindana. Kisha ukaniandikia: "Nimemaliza wa nne, Mjomba. Ulisema kweli kuhusu sekunde." Ukatia na karatasi ya matokeo. Nilimsomea kinyozi sentensi ile ya pili mara mbili. Ile ya kwanza niliipita haraka. Karatasi ya matokeo niliitia ndani ya kitabu nilichokuwa nasoma, iniwekee ukurasa.

Jumatano iliyopita kocha wako alimtumia mama yako picha kwenye simu, akiamini kwamba habari anazo. Raba zako mbili, zimefunguliwa kamba, na ndani yake upande wa vidole vidogo kitambaa kimekauka damu. Mama yako alikuja akasimama mlangoni mwangu na simu mkononi. Hakupiga kelele. Unamjua: asipopiga kelele ndipo mtu anapotafuta mlango wa nyuma. Aliniomba karatasi ya matokeo. Niliitoa kitabuni mbele ya macho yake, na sijawahi kuona aibu ya namna ile kwa kushika kitabu.

Akaipeleka kwenye meza yake ya kukatia. Mwanamke aliyehesabu vishono tangu ana miaka kumi na saba hababaishwi na safu za tarakimu. Akachukua chaki ya kitambaa, akanionyesha. Kilomita tatu za kwanza ulikimbia sawasawa kama mashine, na ulikuwa mbele ya yule msichana aliyemaliza wa tatu. Ya nne ukachelewa sekunde tisa. Ya tano, sekunde ishirini na sita. Akaandika thelathini na tano mezani, akaizungushia duara. Chini yake akaandika kumi na moja: ndizo sekunde alizokuzidi yule wa tatu. Na watatu tu ndio wanaoingia kwenye timu.

Nilitaka kusema neno kuhusu mahujaji. Akaniwahi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Mpwa wangu, nimeshambuliwa na watu wenye vyeo na watu wenye shahada, na wote niliwajibu. Kwa ile meza yenye namba mbili za chaki, nilikwenda kutafuta soksi. Hajaifuta hadi leo. Anakata vitambaa kuizunguka.

Ijumaa nikaenda kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, na soksi, na raba zangu za kununulia mkate. Msimamizi ni mama mmoja mwenye filimbi shingoni, mkali kama pilipili. Nikamwomba anipimie: natoka majini, nakimbilia kwenye benchi, navaa soksi, basi. Akaniuliza kama nimetumwa na daktari. Nikamwambia nimetumwa na dada yangu. Akasema hiyo ni amri kubwa zaidi, akatoa saa yake.

Mara ya kwanza nilitumia sekunde ishirini na tatu, na kisigino cha soksi moja kikawa juu ya mguu. Yule mama alicheka na filimbi mdomoni, ikawa inalia yenyewe, watoto wote wakatoka majini wakidhani muda umekwisha. Kisha akanihurumia. Akanionyesha kuikunja soksi kwa nje hadi kisiginoni, kunyunyiza poda ndani, kuingiza vidole na kuvuta mara moja. Nilipofika mara ya nane, saa ilisema sekunde tisa. Sekunde tisa, kwa mtu wa miaka hamsini na mbili ambaye tumbo lake linamzuia kuyaona magoti yake.

Jumamosi asubuhi nikafanya lile ulilolifanya wewe. Nililowesha miguu kwenye beseni, nikaingia kwenye raba bila soksi, nikakimbia. Naita kukimbia kwa kuwa hakuna neno jingine la heshima. Mzunguko wa kwanza wa mtaa nilikuwa shujaa. Wa pili, nilipofika kwenye duka la fundi vioo, nilikuwa nachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Fundi vioo akatoka na kiti, akanikalisha bila kuuliza. Nikavua kiatu. Na pale, mbele ya vioo vyake vyote, nikauona mguu wangu.

Kidole kidogo kimejikunja chini ya mwenzake, kama mtoto aliyelala chini ya mkono wa mama yake. Kidole cha bibi yako. Mama yako alikikwepa, vyake vimenyooka. Mimi ninacho. Na wewe unacho. Siku uliyozaliwa, mkunga alipokufunua, wengine walitazama uso. Mimi nilitazama miguu, nikacheka, nikasema huyu ni wetu. Nilikuwa wa kwanza kukijua kidole kile. Halafu umekuja kuniuliza kuhusu miguu yako, nami nikaenda kutafuta jibu kwenye majeshi ya watu waliokufa, wakati mguu wako ulikuwa chini ya meza yangu, ndani ya kandambili.

Kwa hiyo naandika barua hii mguu mmoja ukiwa ndani ya maji ya chumvi. Lengelenge lina ukubwa wa haragwe. Lako, kwa damu ya kwenye picha ile, lilikuwa kubwa zaidi, na ulikimbia nalo kilomita mbili.

Sikiliza sasa, maana hasira yangu imepata anwani yake sahihi. Wapo wasiovaa soksi na hawadhuriki. Vidole vyao vimekaa kama askari wa gwaride, nao wakiokoa sekunde tisa wamefanya vyema. Sina ugomvi nao. Kosa langu ni kwamba ulinitajia miguu yako, mimi nikakujibu kuhusu miguu kwa ujumla. Hakuna miguu kwa ujumla. Hakuna tumbo kwa ujumla wala mtoto kwa ujumla. Kila anayetoa amri kwa ujumla, awe ofisini au gazetini, kuna mtu mmoja mahali fulani anayevuja damu kwa ajili yake. Nimeyaandika hayo kuhusu wakubwa kwa miaka ishirini, na ilinibidi nichubuke ndipo niyasome mwenyewe.

Na hao wanaopiga makofi wakiona damu ndani ya kiatu, wakisema ndiyo roho ya ushindi, waambie mjomba wako yuko tayari kujibizana nao hata kesho. Damu ile haikukupeleka mbele hatua moja. Ilikurudisha nyuma sekunde thelathini na tano. Chaki iko mezani, waje wasome.

Lakini wewe pia nina neno nawe. Uliniandikia "ulisema kweli" ukiwa na bandeji kwenye vidole vyote viwili. Kwa nini? Najua kwa nini. Ulilelewa usimrudishe mkubwa kwa maneno, na mimi ni mmoja wa waliokulea hivyo. Basi leo nabatilisha somo hilo. Usinitunzie heshima kwa ngozi yako. Nikikosea, niandikie hivi: Mjomba, umekosea, na hii hapa picha. Nitanuna siku mbili, nitakula, yatakwisha. Yule ofisa wa maktaba aliniambia hivyo na sikufa.

Ndani ya furushi hili utakuta jozi tatu. Mama yako amezifuma kwenye mashine yake ya sweta baada ya saa za kazi, kwa uzi mwembamba kuliko wote alionao. Mbele, penye vidole, hakupitisha mshono. Ameunga tundu kwa tundu kwa mkono, ili pasiwe na kitu cha kusugua kidole cha bibi. Kisiginoni ametia uzi mwekundu, uone upande wake ukiwa unahema na maji yanakutoka masikioni. Sikumwona akikupima. Nilipomuuliza vipimo amevipata wapi, alinitazama kama vile nimeuliza jua linatokea wapi, kisha akanyoosha kidole kwenye mguu wangu wa kulia.

Kazi ya poda na kukunja nimeifanya mimi. Ukifungua usizikunjue kuzitazama. Ziko tayari, vidole viingie tu.

Nilikuwa nimeandika hapa, kwa herufi kubwa, kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, kwenye mashindano ya mwisho ya kuchagua timu, uzivae bila mjadala. Mama yako alipita nyuma ya kiti akasoma juu ya bega langu. Akasema, "Unaanza tena." Nikakata mstari ule, ndilo doa unaloliona. Yeye anasema hivi: katika mazoezi ukimbie kilomita tano nazo, siku nyingine kilomita tano bila, viatu vilevile, miguu imelowa, na kocha apime kuanzia benchi hadi mwisho, si benchi peke yake. Kisha utazame saa, utazame na kidole, uamue. Ukiamua bila soksi, hatanuna. Mimi nitanuna kidogo, lakini nitakuwa upande wako, na nitamwandalia kinyozi hoja mpya.

Usipoingia kwenye timu, utarudi nyumbani huyo huyo Kiguu na Njia wetu, na ngazi ya fundi tutaihamisha upite. Lakini uingie au usiingie, iwe ni kwa nguvu za mapafu yako, si kwa ulimi wangu.

Mama yako anakusalimu kwa namna yake: amesema ule. Bibi mkubwa wa nyumba ya jirani anauliza kama baiskeli unayoendesha ina breki. Fundi vioo anakusalimu, ametaka uambiwe kwamba kile kiti chake kipo. Mama wa filimbi naye ameomba matokeo. Anadai sekunde tisa zile ni zake.

Mungu akulinde majini, barabarani na katika kilomita ile ya tano, akurudishe kwetu na ngozi yako yote.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko hoja zangu.