Baba Alikanyaga Maua

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na Diwali tumeisherehekea vizuri kiasi chake. Bustani ya Mama imechanua mwaka huu hadi majirani wanaona wivu. Mimi naye tulichuma kapu zima la maua ya rangi ya chungwa, tukapiga magoti barazani tangu asubuhi tukichora pambo la sakafuni: mistari ya unga mweupe, na petali katikati. Mgongo bado unaniuma. Wanao wangelipenda.

Saa tano Baba alitoka na nguo ya mteja mkononi. Jua lilikuwa kali. Akapita katikati ya pambo taratibu, petali zikamganda kwenye nyayo, kisha akatuuliza, "Mbona hamjaanza kuchora?"

Mama alinifinya mkono. "Tunaanza sasa hivi, Baba watoto," akamjibu, na sauti haikumtetemeka.

Nilimfuata Baba hadi kwenye cherehani. Kumbe miezi minne sasa Mama ndiye anayemtungia uzi, naye anashona kwa kupapasa. Nilimsihi twende hospitali ya macho. Akasema, "Kaka yako akija atanipeleka. Ila usimwandikie, ana mambo mengi."

Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Mama naye amenikataza kukwambia. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani.

Usinijibu kwa barua, kaka. Njoo, Baba angali anaona sura yako ukimsogelea.

Mdogo wako,
Kitindamimba