Mama, mndimu wako umeungua na barafu

Mama,

Sijui nianze na salamu au nianze na mndimu. Wewe salamu zako zilikuwa fupi, "Kamwene," halafu kazi. Basi nianze na mndimu. Umeungua. Kama umekufa au haujafa, hilo sijui. Kila ninayemuuliza ananiambia lake, na mimi nimebaki katikati.

Ulituacha kabla baridi haijaanza, mahindi yakiwa yanakauka shambani. Matanga yalipoisha, wifi Skola alikusanya nguo zako akawagawia kina mama. Akabeba na yale mablanketi ya zamani yaliyokuwa yananing'inia stoo, na lile shuka la kijani lenye viraka. Mimi nilijua yale ni ya kufunikia mimea. Lakini ningesema nini? Watoto wako wapo, ndugu zako wapo, mimi ni mke wa mwanao Aloisi tu, Msukuma wa kutoka Ubaruku. Nikamsaidia kufunga furushi.

Halafu baridi ikaja. Unajua mimi nimekulia kwenye majaruba ya mpunga kule Usangu, ambako mtu akipata kaubaridi kidogo anashukuru. Nimezaa huku Mufindi, mtoto wangu Jeni hana kwao kwingine, na bado baridi yenu siielewi. Wewe jioni ulikuwa unasimama mlango wa jikoni, unatazama upande wa miti ya misindano, unasema, "Leo itashuka. Mama Jeni, leta vijiti." Naleta. Sikuwahi kuuliza umeona nini. Nilidhani ni magoti ndiyo yanakwambia.

Sasa nikawa nasimama mimi mlangoni. Nilitazama ile misindano mpaka shingo ikauma. Jioni moja upepo ukakatika, juu hakuna hata wingu, na moshi wa jikoni ukawa unalala chini badala ya kupanda. Nikasema leo itashuka. Nikakimbilia stoo, nikakuta misumari mitupu ukutani. Nikachukua ile nailoni ya kufunikia kuni, nikauviringisha mndimu wote kama mtoto anayepelekwa kliniki, nikafunga na kamba chini kwenye shina. Niliingia ndani nikiwa nimeridhika, Mama. Nikasema ungeniona.

Asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe, unakanyaga yanalia kama chumvi ya mawe. Nilipofungua nailoni, kila jani lililokuwa limegusana nayo lilikuwa limelegea, rangi ya mchicha uliochemshwa. Jua lilipopanda yakaanza kuning'inia. Baada ya siku kadhaa yakawa ya kahawia, yanasagika mkononi. Majani machache tu ya katikati ndiyo yalibaki kijani.

Ila kinachonichanganya zaidi ni sukumawiki. Sikuifunika kabisa. Ilikuwa imeganda barafu juu mpaka inang'aa, na mchana ikasimama kama kawaida. Tukaila, ikawa tamu kuliko siku zote. Nilichokifunika kimeungua, nilichokiacha nje kimepona. Niambie mtu afanyeje hapo.

Nikaanza kuuliza. Jirani yetu mama Kasiani akacheka kidogo, akasema nailoni ikigusa jani inalipitishia baridi yote, inatakiwa nguo, inyanyuliwe na vijiti, ishuke mpaka chini ili joto la udongo libaki humo ndani. Kumbe ndiyo kazi ya vile vijiti. Aloisi akasema siri yako ilikuwa maji, kwamba siku ya baridi ulimwagilia mchana, udongo ulowe ushike joto. Hapo nikakumbuka nilivyokuwa nakuona na ndoo siku za baridi kali, nikisema moyoni mama sasa amezeeka. Wifi Skola nilimpigia simu. Yeye akasema, "Mama alikuwa anafunika kwa sababu ya mbuzi." Mbuzi, Mama. Nilikata simu nikakaa chini.

Kuhusu yale mablanketi, alisema moja kampa bibi mmoja kule bondeni na bibi analilalia. Nitamvua bibi wa watu blanketi niuvalishe mti?

Halafu nikakosea, nikauliza na jambo la pili. Niliuliza kwa nini ulipanda mndimu mahali ambapo ndimu haizai. Maana haujazaa hata moja. Aloisi akasema ulipanda mwaka nilioolewa, uliponiona nakula samaki bila ndimu na uso umenikunjamana. Nilifurahi, sikufichi. Nilitembea na maneno hayo siku nzima. Skola akasema siyo, ulitoka kumsalimia ndugu yako kule Igawa, ukarudi na ndimu kwenye kikapu, ukaotesha mbegu kwenye kopo la rangi, na mimi hata kujulikana nilikuwa sijajulikana. Mama Kasiani yeye anasema ulitaka majani tu, ya kuchemshia mafua.

Sasa nishike lipi? Nimekuwa naupima ule mti kwa macho, eti niujue umri wake. Hausemi. Na wewe hukusema. Miaka yote ile uliniambia "funika vizuri" na "usifunue mapema," basi. Kiswahili chako kilikuwa kifupi na changu kina Kisukuma ndani, labda ndiyo sababu. Au labda hukuwa na la kusema. Sijui hata kama ulinipenda, Mama, nami naandika hivyo bila hasira. Nakumbuka tu asubuhi ile shuka la kijani lilipoganda, tukalitoa kwenye mti likasimama lenyewe uani kama ubao. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukanishika bega ili usianguke. Mkono wako ulikaa pale muda mrefu. Mtu asiyekupenda anakushika hivyo?

Juzi Aloisi alitoka na jembe asubuhi. Nilijua anakokwenda kabla hajafika.

"Umekufa huu," akasema. "Tuutoe tupande kitu kingine."

Nikamwambia asiuguse. Akaniuliza wewe unautakia nini, nikarudia tu, "Usiuguse." Tukapandishiana sauti pale uani, sisi ambao unatujua. Mwisho akasema, "Kila nikitoka nje nauona, namwona Mama." Akageuza ndoo akaikalia, akalia. Siku ya mazishi hakulia, watu walimsema. Alilia pale, jembe likiwa kati ya miguu. Mimi nilikuwa nimeshika tawi. Sikujua niachie tawi nimshike yeye, au nikiuachia mti ataung'oa. Nikaachia.

Alipotulia nilikwangua gome kwa kucha mbele yake. Tawi moja ndani kahawia. Jingine kahawia. La chini, upande wa ukuta wa jikoni, lilikuwa kijani kibichi. Akaweka kidole pale, akakiacha. Akaniuliza kama kijani hicho kinatosha. Nikasema sijui. Mama Kasiani ametuambia tusikate hata jani lililokauka mpaka baridi iishe, kwa sababu makavu yanakinga yaliyo ndani, na ukikata sasa mti utachipua halafu machipukizi yaungue. Kwa hiyo tunasubiri mvua. Aloisi amechimbia fito kuuzunguka, amefumua magunia ya viazi akayashona pamoja. Ameshona vibaya. Jioni tunafunika, yeye upande wake, mimi upande wangu, asubuhi jua likishika tunafunua.

Bado sielewi, Mama. Nimeandika nikidhani nikifika hapa chini nitakuwa nimeelewa kidogo.

Lala salama. Ahadi yangu ni hii: nitaufunika kila jioni mpaka baridi iishe, na gunia halitagusa jani. Mvua zikija mti ukichipua, utakuwa wako, na habari ya ulipandiwa nani sitaiuliza tena. Usipochipua, nitamwagiza kaka yangu ndimu za Ubaruku, nitaotesha mbegu hapohapo penye joto la ukuta. Na siku mtoto wa Jeni au mke wa mtu yeyote akifika hapa, nitamwita jina lake nimwambie, huu nimekupandia wewe. Nitamwambia kwa mdomo wangu, asije akabaki anauliza majirani.

Mkweo,
Kabula