Siku Tarishi Alipouliza Jina la Babu

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulikuwa ukichoka na barua zenye salamu ukurasa mzima kabla ya kufika kwenye habari, kwa hiyo nakupa habari kwanza: nimempata Babu.

Nimempata katika makaratasi, hapa Mombasa, mji nilioishi zaidi ya miaka sitini. Binti yangu alitaka ukoo wetu uandikwe kabla sijaondoka nao. Upande wako niliujaza mpaka kwa bibi yake bibi yako. Upande wa Babu niliandika jina moja, nikaiweka kalamu chini, na kesho yake nikaanza kutafuta.

Karatasi ya kwanza ilikuwa daftari la zamani la vibarua wa bandarini. Hatibu bin Shomari, Mafia, Baleni, seremala, ana kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Kovu hilo ulinisimulia wewe. Tezo iliteleza alipokuwa akichonga mlango wa nyumba yenu, akaumaliza mlango huku amefunga kidole kwa kipande cha kanga yako. Mtunza kumbukumbu alinikuta nimeegemea meza, akaniletea kiti.

Kisha nilimtafutia mke. Unisamehe kwa hilo pia. Nilikaa wiki tatu juu ya madaftari ya ndoa, kwa kuwa tangu utotoni nilisikia Baleni nzima ikisema amekuacha akaoa huko. Unakumbuka Bi Tatu, jirani yetu, alivyokuwa akipita uani na kusema, "Fundi kapata mlango mwingine wa kuchonga." Uliongeza kasi ya kusuka ukili tu, na siku hizo mkeka wako ulitoka umekaza kupita kiasi. Sikumwona mke mwingine, Bibi. Hakuwepo.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyoniketisha kukuandikia. Lakini kabla ya hiyo lazima nikurudishe uani kwetu, enzi za Mwingereza, siku tarishi wa boma la Kilindoni alipofika na baiskeli yake. Nilikuwa na miaka minane. Jumbe wetu alikuwa amekwenda mazikoni Kirongwe, kwa hiyo tarishi alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba, akiuliza wanawake ambao waume zao wako ng'ambo. Alituambia hatataja jina analolitafuta. Kijiji alichotoka alilitaja kwanza, wakajitokeza ndugu wanne wa mtu asiyekuwa na ndugu, wakidhani kuna urithi.

"Mumeo anaitwa nani, mama?"

"Baba Zainabu," ukasema.

"Huyo ni baba wa mtu. Nataka jina lake."

"Hapa wanamwita Fundi."

"Mafundi wamejaa mpaka bomani."

Ukajifunika mdomo kwa kanga, ukacheka. Jina la mumeo hukuwahi kulitamka mbele ya mtu, kama walivyokuwa wanawake wote wa rika lako wenye heshima zao. Kijijini walizoea Fundi, wengi hata hawakulijua lile la kuzaliwa. Ukanigeukia mimi, ambaye ulikuwa ukiniita mke mwenzio kwa utani tangu siku niliyozaliwa, ukamwambia, "Muulize mke mwenzangu huyu. Yeye hana haya, atakutajia."

Nililijua, Bibi. Nilikuwa nalisoma ndani ya jalada la msahafu wa Babu kila Ijumaa nilipoutoa kuupangusa vumbi. Na zaidi ya hapo, tarishi alikuwa amesimama karibu yangu, karatasi yake ameishika chini, na mimi nilikwisha jifunza herufi za shule. Nililiona pale, limepigwa kwa taipu: Hatibu bin Shomari.

Nikasema, "Silijui."

Tarishi akaandika neno moja, akapanda baiskeli, akaenda zake. Wewe ukanitania mpaka magharibi, mke gani huyu asiyejua jina la mumewe, huyu si wa kupewa hata chumba. Ukaendelea na ukili wako. Hukujua kilichopita.

Sababu yangu ilikuwa hii. Mama yangu Zainabu alikufa akinizaa, baba akaoa Chole, mimi nikabaki kwako. Na wewe ulikuwa na kauli yako: Fundi akiniita leo, nitakwenda hata kwa kuogelea. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana Bi Tatu aliwahi kuniambia kwamba siku utakapoitwa Mombasa, mimi nitavushwa Chole kwa mama wa kambo. Nilipoiona ile karatasi, niliona mashua mbili zinaondoka siku moja, wewe yako na mimi yangu.

Nimejaribu kujitetea kwa ile miaka minane. Haitoshi. Nilikuwa pia na miaka kumi na miwili, na kumi na sita, nikikaa nawe jamvi moja, na kila mwaka nilisema nitakwambia nikiisha kukua zaidi. Nilipoolewa nikaletwa huku, ulinisindikiza mpaka mwisho wa minazi na kunishika mkono. "Mji ule mkubwa," ulisema. "Ukimwona Fundi, usimgombeze." Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikubusu mkono nikapanda mashua. Barua ya msiba wako ilinifikia umekwisha zikwa siku tisa.

Sasa karatasi ya tatu. Ni jalada la hospitali, si nene. Babu aliugua kifua, akalazwa muda mrefu. Karani aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri, kwamba mgonjwa anasema mkewe yupo Baleni, na anaomba aambiwe kwamba hakukawia kwa hiari yake. Hakukuita uje. Aliomba uambiwe tu. Nyuma yake ipo barua iliyotumwa Kilindoni, na nyuma ya hiyo yapo majibu, mstari mmoja: imeulizwa Baleni, mtu huyo hajulikani.

Aliishi miezi kumi na mmoja baada ya majibu hayo. Mara moja aliulizwa tena kama ana jamaa, na karani akaandika jibu lake kama alivyolisema: "Mke ninaye." Hawakuandika tena Kilindoni. Waliandika siku aliyokufa na makaburi aliyozikwa, na nimekwenda. Hakuna jiwe lenye jina. Nilisoma Fatiha kwa wote waliolala pale, nikakuombea na wewe, na sikuweza kuomba kitu kwa ajili yangu.

Ulikufa ukiamini umesahauliwa, na hukuwahi kumsema vibaya. Mimi nililala kitanda kimoja nawe miaka yote hiyo nikiwa na jina lake mdomoni.

Basi niwie radhi, Bibi, na Mungu akulaze pema. Nakufikishia salamu zako. Hatibu bin Shomari anasema hakukawia kwa hiari yake. Aliyekawia ni mimi, na mimi nilikawia kwa hiari yangu.

Mjukuu wako, wa Zainabu
Mombasa